Skuli ya Jikoni

Simu ya skuli ilimkuta Suad nyumbani kwa mzee mmoja wa Kizungu kule Pinner, London, amepiga magoti anamkausha miguu. Ilikuwa mara ya nne wiki ile, na wiki yenyewe ilikuwa bado Alkhamisi. Akamvisha mzee soksi, akamwomba radhi, akatoka huku anavaa koti njiani.

Alipoingia ofisini kwa naibu mwalimu mkuu, mwanawe Mundhir alikuwa chini ya meza, amejifunika kichwa kwa sweta. Mundhir alikuwa na miaka tisa. Maneno aliyoweza kusema hayakuzidi ishirini, na skuli hakuwahi kusema hata moja. Juu ya meza, mbele ya naibu, kulikuwa na kitabu kilichochanwa vipande vipande, kimepangwa vizuri kama ushahidi wa polisi.

"Leo amemng'ata msaidizi wa darasa," alisema naibu. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake laini. "Hatumlaumu. Tunaona tu kwamba hapa hana raha. Umewahi kufikiria kumsomesha nyumbani? Wazazi wengi siku hizi wanafanya hivyo, na watoto wao wanachanua."

"Mimi si mwalimu," alisema Suad kwa Kiingereza chake cha taratibu.

"Mama ndiye anayemjua mtoto wake kuliko sisi sote." Naibu akasukuma karatasi moja juu ya meza. Ilikuwa imeshapigwa chapa, na jina la Mundhir limo. "Ni barua tu. Unasema kwamba unamtoa kwa hiari yako. Mambo yasipokwenda, unarudi, tunazungumza."

"Na yale maombi yake ya msaada? Mlisema mtayapeleka kaunsili."

"Hayo yanaendelea."

Chini ya meza Mundhir alianza kugonga kichwa kwenye mguu wa meza, kidogo kidogo, bila kulia. Naibu alitazama saa. Suad akatia saini, akainama, akamvuta mwanawe kwa mkono. Walipokuwa wanatoka, karani wa mapokezi alimpa mfuko wa plastiki wenye viatu vya mazoezi, chupa ya maji na picha ya Mundhir iliyobanduliwa ukutani darasani. Picha ile ilimwonyesha kwamba mfuko ulikuwa tayari kabla yeye hajafika.

Mumewe, Matar, alikuwa dereva wa basi. Alirudi alasiri akamkuta mtoto amelala kwenye zulia mbele ya mashine ya kufulia, anatazama nguo zinavyozunguka, na nakala ya barua iko juu ya mashine.

"Umetia saini?"

"Nimetia."

"Bila ya kuniuliza?"

"Wewe ulikuwa kwenye usukani, na yeye anajigonga kichwa mbele yangu. Ningefanya nini, Matar?"

Matar akakaa kwenye zulia kando ya mtoto. Wiki ile ile Suad aliacha kazi. Walipopiga simu kaunsili, halmashauri ya mtaa wao, mwezi uliofuata kuulizia maombi ya Mundhir, waliambiwa kwamba hakuna maombi yoyote yaliyopokelewa, na kwa kuwa mtoto hayumo tena skuli, hapakuwa na wa kuyaleta. Mzazi anaweza kuomba mwenyewe. Suad akaomba. Jibu lilikuja kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kutoka skuli.

*

Mtoto wao mdogo, Thuwayba, mwenye miaka sita, alikuwa akisoma skuli ile ile aliyotolewa Mundhir. Kila asubuhi ilibidi apelekwe, na Mundhir hangeweza kuachwa peke yake nyumbani. Basi walikwenda wote watatu, na kila walipokaribia geti, Mundhir alijitupa chini. Akipiga kelele moja ndefu isiyokatika, akiung'ata mkono wake mwenyewe, na wazazi wengine wakiwapitisha watoto wao upande wa pili wa barabara. Thuwayba alijifunza kuuachia mkono wa mama yake kabla ya kona na kuingia peke yake, kama mtoto asiyewajua.

Asubuhi moja ya wiki ya tano, wasichana wawili wa sekondari waliokuwa wakipita walisimama wakawapiga video. Mchana ule ule video ilifika kwenye simu za darasa zima la Rauhiya.

Rauhiya ndiye mkubwa wao, miaka kumi na mitano, na huo ndio uliokuwa mwaka wake wa mtihani wa mwisho wa sekondari. Alikuwa mtoto wa mpangilio, penseli zake zimechongwa, anataka kuwa mfamasia. Hakuwaambia wazazi wake habari za video. Alichosema ni kwamba tumbo linamuuma. Lilimuuma Jumatatu, likamuuma Jumanne, na Jumatano Suad alipomfungulia mlango atoke, akakaa kwenye ngazi na begi lake mgongoni.

"Nikipita tu kwenye ukumbi," alisema kwa Kiingereza, kama alivyozoea kuwajibu wazazi wake, "wanalia kama Mundhir. Wavulana nao. Hata wasionijua."

Suad alikwenda skuli ya Rauhiya kulalamika. Akaambiwa kwamba watazungumza na wasichana wale. Wiki mbili baadaye ikaja barua, nayo ilikuwa ya utoro: Rauhiya asiporudi, wazazi watatozwa faini.

Matar aliisoma barua akiwa amesimama, na sare ya kazi bado mwilini.

"Faini!" alisema. "Mtoto achekwe yeye, na faini nilipe mimi? Basi na huyu atoke. Na mdogo atoke. Wakae wote nyumbani, Mungu atatuona."

"Nani atawasomesha?"

"Si umeshaanza na mmoja?" alisema Matar. Alisema kwa hasira, akajuta pale pale, lakini hakuna aliyepata wazo jengine. Safari hii Suad aliandika barua mbili yeye mwenyewe, akiiga maneno ya ile ya kwanza.

*

Siku ya kwanza Suad alibandika ratiba jikoni. Saa tatu Kiingereza, saa nne hesabu, saa tano mapumziko, saa tano na nusu sayansi. Ndivyo alivyosomeshwa yeye kwao Wete, Pemba, na ndivyo alivyojua kwamba watu husomeshwa. Aliwakalisha watoto wake watatu kwenye meza ya kulia, kila mmoja na daftari jipya.

Haikufika saa nne. Mundhir aliibandua ratiba akaitafuna pembe. Thuwayba alilia kwamba kaka yake amekalia penseli yake. Rauhiya aliziba masikio kwa viganja na kuendelea kusoma ukurasa ule ule mmoja. Suad alikuwa amesimama katikati na kitabu cha hesabu mkononi, na hakujua aanze kwa nani.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Bhanu, jirani wa ukuta mmoja, bibi wa miaka sabini na mbili aliyezaliwa Hurumzi na kuondoka Unguja na wazazi wake mwaka wa mapinduzi. Kiswahili chake kilikuwa bado kile alichoondoka nacho. Alisomesha skuli ya msingi Wembley miaka ishirini na tisa.

"Nasikia kila kitu ukutani," alisema. "Nipe kiti."

Akakaa saa nzima bila ya kusema neno, anatazama. Kisha akamwambia Suad apike chai, na chai ilipokuja ndipo alipofungua mdomo.

"Kwanza hiyo ratiba, hata asingeila mtoto, ningekwambia uitoe. Huku si skuli. Hapa una watoto watatu na kila mmoja ana lake. Huyu mdogo hataki vitabu vingi. Kitabu kimoja, asome kwa sauti, nusu saa, halafu akacheze. Nipe mimi, kila siku asubuhi."

"Na Mundhir?"

"Mundhir karatasi usimpe kwanza. Mpe vitu. Achambue choroko na dengu, apime unga, aanike nguo, ahesabu vibanio. Na wewe usiseme sana. Sema neno moja, halafu ungoje."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka aseme. Asiposema, kesho tena."

Suad akacheka kidogo kwa mara ya kwanza siku ile. "Alhamdulillahi, Rauhiya angalau anajiweza."

Bi Bhanu akamtazama msichana, ambaye alikuwa amehamishia vitabu vyake kwenye ngazi, mbali na kelele. Akashusha sauti.

"Wewe unaijua kemia?"

"Naijua wapi, Bi Bhanu?"

"Basi yeye ndiye anayetaka mwalimu kuliko wote. Na mahali pa kufanyia mtihani pia. Skuli ikishamfuta, mtihani umefutika. Lazima mumtafutie kituo kinachopokea watoto wa nje, mmwandikishe na mlipe kabla ya Februari kwisha. Usije ukasahau hilo, mwanangu, kwa sababu yeye hatokukumbusha."

Kwa miezi miwili mambo yalikwenda. Thuwayba alivuka kwa Bi Bhanu kila asubuhi na kurudi na kitabu kwapani. Mundhir alikaa na sinia mbele yake, choroko huku na dengu huku, na siku moja ya Disemba, Suad alipoinua kiganja kimoja na kungoja, mtoto alisema "choroko." Alisema mara moja tu, kwa sauti nzito kama ya mtu aliyetoka usingizini. Suad alikimbilia bafuni akalia huko.

*

Juu ya duka la nguo, karibu na stesheni ya Rayners Lane, kulikuwa na kituo cha masomo ya ziada cha bwana mmoja anayeitwa Firoz. Suad alikwenda na watoto wote. Firoz, ambaye familia yake ilitoka Mombasa, alifurahi kusikia Kiswahili, akamwita dada, akamtandazia vipeperushi vya rangi juu ya meza: programu ya kompyuta kwa wadogo, masomo ya vikundi kwa wakubwa, vitabu vya mazoezi vya kila umri. Wazazi wawili watatu walikuwa wamekaa kwenye viti vya ukutani wanangoja watoto wao.

Mundhir alikipenda kiti cha kuzunguka. Akazunguka nacho huku anavuma kama nyuki, kwa nguvu, halafu kwa nguvu zaidi. Mlango wa darasa ukafunguliwa na kichwa cha mwalimu kikachungulia.

"Dada, samahani," alisema Firoz. "Huyu kijana anaweza kungoja nje?"

"Nje wapi? Mvua inanyesha."

"Pale kwenye ngazi tu. Si kwa ubaya. Watu wamelipa, unanifahamu?"

Suad aligeuka kumtazama Rauhiya, na Rauhiya alikuwa ameshainuka, amemshika mdogo wake mkono. Wakatoka. Kwa hiyo habari za masomo ya Rauhiya zilizungumzwa Rauhiya akiwa ngazini.

"Huyo binti hesabu, kemia, baiolojia, mara mbili kwa wiki," alisema Firoz. "Na kituo cha mtihani nitamtafutia mimi, hiyo niachie. Huyu mdogo tunaweza. Lakini yule..." Akatikisa kichwa. "Yule hatuna chetu cha kumsaidia, dada. Nisikudanganye."

Bei aliyoitaja ilikuwa kubwa, lakini si ya kuwashinda kabisa. Walikuwa na akiba ndogo ya safari ya Pemba. Tatizo ni kwamba wiki ile ile Suad alikuwa ameambiwa kwamba kaunsili huenda ikayapokea maombi ya Mundhir kukiwa na ripoti ya mtaalamu wa watoto wa kujitegemea, ambaye wazazi watamlipa wenyewe. Akiba ingetosha jambo moja.

Walizungumza jikoni, yeye na Matar, huku Rauhiya anaosha vyombo.

"Rauhiya ana akili," alisema Matar. "Mambo yote yako kwenye intaneti siku hizi. Mundhir hana intaneti ya kumsaidia."

"Na mtihani?"

"Na huo si unaandikishwa huko huko? Rauhiya, si unaweza kujiandikisha mwenyewe?"

Rauhiya alisuuza sahani akaiweka. "Naweza," alisema. "Sawa tu, baba."

Mtaalamu alikuja. Alikaa na Mundhir saa moja u nusu, akaandika ripoti ya kurasa kumi na mbili. Kaunsili ilijibu kwa mistari mitatu: ripoti imepokelewa na itaangaliwa kwa zamu yake.

*

Januari barafu iliganda mlangoni kwa Bi Bhanu, akateleza akavunjika nyonga. Binti yake alikuja kutoka Leicester akamchukua moja kwa moja kutoka hospitali. Hakupata hata kuaga. Mwezi haukwisha, nyumba ikapangishwa kwa vijana wanaorudi kutoka kazini mchana na kulala.

Mshahara wa Matar peke yake ulikuwa hautoshi tena, na Suad akarudi kuwahudumia wazee, kutoka saa moja asubuhi hadi saa saba. Nyumbani aliacha kila kitu tayari: sinia la Mundhir, vitabu vya Thuwayba, chakula cha mchana kwenye friji. Kilichobaki kilikuwa mtu wa kukaa nao, na mtu huyo alikuwa Rauhiya.

Na Rauhiya aliiweza kazi hiyo kuliko mama yake. Suad akirudi alikuta nyumba imetulia. Rauhiya alibandika maneno kwenye kila kitu, mlango, friji, kijiko, sabuni, kwa herufi kubwa za duara. Thuwayba alikuwa anasoma vitabu vya watoto wa miaka minane. Mundhir alikuwa amejifunza kuvaa soksi. Juu ya meza, pembeni, madaftari ya Rauhiya mwenyewe yalikuwa yamepangwa.

"Na wewe umesoma leo?" Suad aliuliza kila siku, huku anavua viatu.

"Nimesoma."

Suad alikuwa na miguu inayouma na sufuria la kuweka motoni. Hakuuliza amesoma nini.

*

Mwezi wa Machi kaunsili ilimtuma afisa kuja kuangalia masomo ya watoto. Matar alichukua likizo ya siku moja. Suad alifuta kila kitu mara mbili, akakaanga sambusa. Hofu yake ilikuwa lugha; alikuwa amekaa siku tatu anakariri Kiingereza cha kusema.

Afisa alivua viatu mlangoni bila ya kuambiwa. Alikuwa mwanamume mrefu, ana begi la mgongoni.

"Mimi naitwa Njenga," alisema. "Mama, tunaweza kuongea Kiswahili. Mimi ni wa Nakuru."

Suad alijikuta anacheka, na machozi yamemjaa. Alimkaribisha kama mgeni wa ndugu. Matar alimvutia kiti, akamwuliza habari za kwao. Kwa dakika kumi, wakinywa chai, ilionekana kama jambo lenyewe limeshamalizika.

Kisha Njenga akatoa fomu.

Alianza na Thuwayba, ambaye alisoma kurasa mbili bila ya kukwama na akataka kusoma ya tatu. Njenga akaandika. Akaomba kumwona Mundhir. Suad akaleta sinia, vikombe vya unga, vibanio vya nguo vilivyopangwa kwa rangi. Mundhir alimtazama mgeni, akatazama begi lake, akalipindua sinia lote na kuingia chini ya meza. Choroko zilitawanyika mpaka kwenye soksi za Njenga.

"Hajazoea watu," alisema Suad, yuko chini anazoa kwa viganja. "Tukiwa peke yetu anafanya vizuri. Alisema choroko. Anavaa soksi. Mashine ya kufulia anaijua vitufe vyote."

"Anaandika jina lake, mama?"

"Bado."

"Herufi anazijua? Kuhesabu mpaka kumi?"

"Anahesabu vibanio. Hasemi, lakini anahesabu, utaona anavyoviweka."

Njenga aliishusha kalamu. Alikuwa mtu mwema na uso wake ulionyesha hivyo. "Mama, naiona kazi mnayofanya. Wallahi naiona. Lakini hii fomu inaniuliza kusoma, kuandika na hesabu. Na hapa sina cha kuandika."

"Na huko skuli," alisema Matar, "miaka yote minne aliyokaa, aliandika nini?"

"Hilo fomu hainiulizi, ndugu yangu."

Matar akasukuma kikombe chake pembeni. Ndipo Rauhiya akaja na madaftari yake, akayaweka mbele ya afisa bila ya kuitwa. Yalikuwa matatu, manene, moja la kila somo. Njenga alifungua moja katikati. Michoro ilikuwa safi, hesabu zimepigiwa mstari, na pembeni kulikuwa na alama za sahihi na maoni mafupi kwa wino mwekundu.

"Nani anasahihisha?"

"Mwalimu wa kozi ya mtandaoni," Rauhiya alijibu kwa Kiingereza, bila ya kusita.

"Na mtihani?"

"Nimeshajiandikisha."

Njenga alifungua kurasa nyingi zaidi kuliko alivyohitaji, kama mtu aliyepata mahali pa kupumzika. "Huyu msichana ni mkali kweli," alimwambia Suad. "Ningepata wazazi kumi kama nyinyi ningelala vizuri."

Suad alimtazama binti yake, na kwa siku ile furaha hiyo moja ilimtosha.

*

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Masomo ya Thuwayba yanaridhisha. Masomo ya Rauhiya yanaridhisha sana, na faili lake limefungwa hadi mwaka ujao. Masomo ya Mundhir hayaridhishi. Wazazi wana siku kumi na tano za kuandika skuli atakayorudi, la sivyo itatoka amri. Skuli maalumu zote zilikuwa zimejaa. Yenye nafasi iliyo karibu ilitajwa chini kwa jina, nayo ilikuwa ile ile ya naibu mwenye sauti laini.

Suad aliamua kujibu. Alitaka kuwaandikia kwamba kama njia ya nyumbani imemfaa Rauhiya kiasi kile, basi na Mundhir apewe muda. Akayachukua madaftari ayapige fotokopi ayaambatanishe. Alipokuwa anachagua kurasa ndipo alipoyatazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Mpaka Disemba maandishi yalikuwa ya mtoto anayesoma: amefuta hapa, amekosea pale, ameandika swali pembeni na kulizungushia duara. Kuanzia Januari hapakuwa na kosa hata moja. Kurasa arobaini, wino ule ule, mkono ule ule, kana kwamba zimeandikwa kwa kikao kimoja. Na yale maoni mekundu yalikuwa na herufi kubwa za duara.

Alimkuta Rauhiya chumbani anakunja nguo.

"Nani kasahihisha hili daftari?"

Rauhiya aliendelea kukunja. "Mimi."

"Na hizi kazi?"

"Nimenakili. Wiki ile kabla ya yule bwana kuja. Majibu yote yapo mtandaoni."

"Tangu Januari hujasoma?"

Rauhiya akaweka nguo chini. Safari hii alijibu kwa Kiswahili, kwa uzito, akitafuta kila neno. "Nisome saa ngapi, mama? Mundhir nikimwacha anafungua mlango anatoka."

"Na mtihani? Ulisema umejiandikisha."

"Niliangalia. Kila somo lina pesa zake, na kituo kina pesa zake. Mlikuwa mnazungumza habari ya bili ya gesi siku ile. Sikuweza kusema. Halafu tarehe ikapita." Akayafuta macho kwa shati la baba yake alilokuwa analikunja. "Mwakani nitafanya."

Suad alikaa kitandani. Alitaka kumkemea na alitaka kumwomba radhi, akalichukua lile shati akamalizia kulikunja.

Matar, alipoambiwa, alifunga mlango kwanza. "Usimwambie mtu," alisema. "Tayari wana mmoja mkononi. Wakijua kwamba na huyu tumemwandikia uongo, watasema hatuwezi kulea. Watakaokuja hapo si watu wa skuli, ni wa kutunyang'anya watoto."

"Lakini Njenga akijua huenda akamsaidia. Mtihani bado haujafanywa."

"Huenda," alisema Matar. "Na akimrudisha kwa wale wasichana? Na Mundhir akirejeshwa nyumbani kabla ya saa sita kila siku, atapokelewa na nani?"

Asubuhi ya pili, ambayo haikuwa zamu yake, Suad alipiga simu. Alikuwa amekwisha jipangia maneno, na usiku alimwambia Rauhiya kwamba atamweleza Njenga yote.

"Mama Mundhir!" alisema Njenga. Sauti yake ilikuwa ya furaha ya kweli. "Habari za huko?"

"Nzuri. Nauliza habari ya Mundhir. Hakuna njia nyengine?"

Njenga akamweleza taratibu. Rufaa ipo, lakini ni miezi, na huku nyuma mtoto lazima aende. Jumatatu nafasi yake iko wazi. Yale maombi ya msaada yataanza upya, safari hii skuli ikiwajibika kuyapeleka, na yeye mwenyewe atawakumbusha. Suad alisikiliza na kusema ndiyo kila alipotakiwa kusema ndiyo.

Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi. Rauhiya alikuwa amekaa kwenye zulia na sweta la skuli la Mundhir mapajani, lile alilokuwa amelikataa tangu vuli. Aliinua mkono mmoja wa sweta, akasema neno moja, akangoja. Mundhir alitazama pembeni. Rauhiya akauinua tena, akangoja.

"Kuna lingine, mama?" aliuliza Njenga.

Suad alifungua mdomo. Upande wa pili wa simu alisikia watu wakizungumza na mashine ikichapa karatasi, ofisi nzima ikifanya kazi yake.

"Hapana," alisema. "Nilitaka pia kukushukuru kwa habari ya Rauhiya."

"Usinishukuru mimi. Mpongeze yeye."

Alipokata simu alibaki amesimama hapo hapo, mkono ukutani. Rauhiya hakugeuka.

"Umemwambia?"

"Hakupokea," alisema Suad.

Kati yao hapakuwa na hatua nne, na mlango ulikuwa wazi muda wote.

"Kesho utampigia tena?"

"Kesho."

Rauhiya akatikisa kichwa kukubali. Sweta lilikuwa limegeuka ndani nje. Akaligeuza, akalinyoosha juu ya goti, akauinua tena mkono wake mbele ya mdogo wake.

"Mkono," alisema, akangoja.